O Saba za Desemba

Kuanzia tarehe 17 Desemba hadi tarehe 23, masifu ya jioni ya Kanisa Katoliki hubadilika kidogo. Kabla ya wimbo wa Bikira Maria, ambao huimbwa kila jioni mwaka mzima, huwekwa antifona fupi inayoanza kwa herufi moja tu: O. Ziko saba, moja kwa kila jioni. Ya kwanza humwita Kristo Hekima. Ya pili humwita Adonai, Bwana aliyemtokea Musa katika kichaka kinachowaka moto. Ya tatu humwita Shina la Yese, ya nne Ufunguo wa Daudi, ya tano Mapambazuko, ya sita Mfalme wa mataifa, na ya saba Imanueli. Majina yote yametoka katika Agano la Kale, na hakuna hata antifona moja inayotaja jina la Yesu. Anayesali yuko upande wa watu ambao bado hawajaambiwa mtoto ataitwa nani.

Muundo wake ni mmoja. Kwanza jina, kisha sifa za mwenye jina, kisha neno "njoo", na mwisho ombi. Sauti yake pia ni moja: mwimbaji akijifunza ya kwanza amekwisha kuzijua zote saba, kwa maana kinachobadilika ni maneno tu. Nadhani hii ndiyo sababu wazee waliozoea kuziimba kwa Kilatini hawakuzisahau hata walipokuwa wamesahau mambo mengine mengi.

Kwa Kiswahili O hiyo imekuwa "Ee". Ee Hekima, Ee Adonai. Sioni kama tumepata hasara. O ya Kilatini huuacha mdomo wazi na mviringo, kama wa mtu anayeshangaa. "Ee" yetu ni ya kuita, lakini pia ndiyo tunayoitikia nayo: ukiulizwa kama umekula, unajibu "ee". Lugha chache zinaweza kumwita mtu na kumkubalia kwa sauti hiyo hiyo.

Ni sala za zamani sana. Amalarius wa Metz, mwanateolojia aliyezifafanua ibada za Kanisa katika nusu ya kwanza ya karne ya 9, tayari alizikuta zinaimbwa na akaandika maelezo juu yake. Katika monasteri za Ulaya ya Zama za Kati kila O ilikuwa na mwenyewe. Abati au mkubwa mwingine alianzisha ya Hekima. Ile ya Shina ilikwenda kwa mtawa wa bustani, na ile ya Ufunguo kwa mtunza ghala, maana yeye ndiye aliyezishika funguo za divai. Aliyeanzisha O yake alitakiwa pia kuwakirimu wenzake, na vitabu vya mahesabu vya monasteri kadhaa vina gharama za vinywaji na viungo vilivyonunuliwa kwa ajili ya jioni hizo. Napenda habari hii kuliko nyingi nilizosoma kuhusu watawa. Majilio yalikuwa majira ya kufunga, lakini mtunza bustani alikuwa na jioni yake moja ya kusimama, kuimba, na kuwanywesha ndugu zake.

Zilitoka pia nje ya kwaya. Kuna kitabu cha mashairi ya Kiingereza cha kale kilichonakiliwa mwishoni mwa karne ya 10, ambacho Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, aliliachia kanisa kuu la Exeter, na hadi leo kiko huko. Shairi lake la kwanza limejengwa juu ya antifona hizi. Kurasa za mwanzo zimepotea, kwa hiyo shairi linaanza katikati, kwenye O ya Mfalme, kisha linakuja kwenye Ufunguo. Mbele kidogo mshairi anafanya jambo ambalo hakuna antifona iliyomruhusu: anawaweka Yusufu na Maria wakizungumza, Yusufu akiwa ameumia moyo kwa sababu ya ile mimba. Sala ya watawa inageuka mazungumzo ya mume na mke ndani ya nyumba. Ukurasa wa kwanza uliobaki una alama za kisu, kwani kuna aliyeutumia kama ubao wa kukatia, na una duara la kikombe kilichowahi kuwekwa juu yake.

Watu wengi wanaozijua O hizi siku hizi wamezijua kwa sababu ya fumbo. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina kwa Kilatini: Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel. Zisome kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, nawe utapata *ero cras*, maana yake "kesho nitakuwapo". Yaani kwa siku saba Kanisa linaita, na jibu linakamilika jioni ya tarehe 23, mkesha wa mkesha, kwa mtu anayeangalia nyuma. Wahubiri hulipenda sana. Wataalamu hawakubaliani kama mtunzi alikusudia hivyo au herufi zimejipanga zenyewe, na jina la mtunzi halikuhifadhiwa ili aulizwe. Uingereza walikuwa na O ya nane, iliyomhusu Bikira Maria, kwa hiyo walianza siku moja mapema, tarehe 16, na fumbo lao likawa *vero cras*: kweli, kesho. Hata baada ya Waanglikana kuziacha antifona zenyewe, kalenda ya kitabu chao cha sala cha mwaka 1662 iliendelea kuandika *O Sapientia* kwenye tarehe 16 Desemba, kama jina la mpangaji aliyehama lililobaki mlangoni.

Mimi fumbo hili silipendi sana, na nina sababu.

Nimekulia Ungoni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na pamoja na mbegu za miti ya matunda na mashine za kuchapia walikuja na masifu yao ya kila siku, O saba zikiwamo. Nilizisikia utotoni bila kujua ninasikia nini. Nilizisikiliza kweli nikiwa mtu mzima, nikiwa nimelazwa.

Ilikuwa mimba yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa imefika wiki 25, mtoto wa kike, akazaliwa akiwa hai na akaishi saa chache. Safari hii daktari alisema shingo ya kizazi ndiyo isiyostahimili, inafunguka kabla ya wakati, na mwishoni mwa Oktoba alinishona. Desemba ilipoingia tumbo likaanza kukaza, nikalazwa, nikaambiwa nilale, nisisimame ila kwa kwenda msalani. Tarehe 17 mtoto alikuwa na wiki 27. Kila asubuhi muuguzi alinisalimia kwa hesabu: mama, ishirini na saba na siku moja. Mama, ishirini na saba na siku mbili.

Wodi ile ilitembelewa jioni na Sista mmoja mzee, muuguzi mstaafu, aliyekuja kuwasalimu wagonjwa akiwa na kitabu chake cha masifu kwapani. Alikuwa na kawaida ya kumalizia masifu yake kwenye kiti kilichokuwa karibu na kitanda changu, kwa sababu taa ya pale ilikuwa nzuri.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Leo tunaanza zile za O."

Ndiye aliyenieleza kwamba zimepangwa kwa siku. Hakunieleza fumbo. Nililisoma kwenye simu usiku ule ule, na likanikera. Wodini neno "kesho" lina maana yake. Daktari atakuja kesho, dawa itafika kesho, tutaangalia tena kesho. Mwaka uliotangulia nililala na "kesho" nikaamka bila mtoto. Jibu linalosomeka kinyumenyume, siku ya mwisho, kwa Kilatini, niliona halinifai kitu.

Kesho yake, tarehe 18, ndipo nilipokutana na Toledo. Mwaka 656 maaskofu wa Hispania walikutana huko katika mtaguso wao wa kumi na kuamua kwamba sikukuu ya Kupashwa Habari Maria isiadhimishwe Machi, kwa kuwa tarehe 25 Machi huangukia ama ndani ya Kwaresima ama karibu na Pasaka. Wakaihamishia tarehe 18 Desemba, siku saba kabla ya Noeli. Baadaye sherehe ya Machi ilirudi mahali pake, lakini Wahispania hawakuiacha ile ya Desemba. Ikageuka sikukuu ya kungojea kujifungua: Maria mwenye mimba pevu. Na kwa kuwa inaangukia ndani ya juma la O, baada ya masifu ya jioni wanakwaya walikuwa wakitoa O moja ndefu, kubwa, isiyo na maneno, kuonyesha hamu ya ulimwengu mzima. Kwa hiyo watu wakamwita Maria wa siku ile Bibi Yetu wa O.

Wareno walimchonga katika mawe. Katika karne ya 14 wachongaji wa Coimbra walitengeneza sanamu za Maria amesimama, tumbo limejaa, mkono mmoja umewekwa juu ya tumbo. Yeyote aliyewahi kubeba mimba anaujua mkono ule. Si mkono wa kusali, ni mkono wa kusikiliza kama anacheza. Wareno hao hao walivuka naye hadi Brazil. Sabará, mji wa wachimba dhahabu katika Minas Gerais, una kanisa dogo la Nossa Senhora do Ó la mwanzoni mwa karne ya 18, na São Paulo ina eneo zima la mji linaloitwa Freguesia do Ó, Parokia ya O. Watu hupanda mabasi yaliyoandikwa hivyo na kwenda kazini.

O isiyo na maneno ilinifaa. Usiku wa wodi ya wazazi una O nyingi za namna hiyo, na wengi wanaozitoa hawasali.

Siku ya tatu ndiyo iliyonitatiza. Antifona ya Shina la Yese ni fupi na nzuri, imechukuliwa kwa Isaya, mlango wa 11. Inasema juu ya wafalme watakaofumba vinywa mbele yake. Lakini mwishoni inamwomba asikawie. Sista aliisoma kwa sauti yake ya kawaida, nami nikajikuta nimeshika shuka. Kanisa zima, kutoka Roma hadi Songea, lilikuwa linaomba mtoto asikawie, nami nilikuwa nimelala pale nikiomba akawie. Akawie Krismasi ipite. Akawie Januari. Nilimwambia Sista. Hakucheka wala hakunihubiria. Akafunga kitabu, akakaa kidogo, akasema, "Basi wewe leo usiiseme hiyo. Nitaisema mimi, wewe ngoja ya kesho."

Ya kesho ilikuwa ya Ufunguo. Maneno yake yametoka Isaya 22:22, na habari yenyewe pale haimhusu masiya; ni habari ya ofisi. Shebna, msimamizi wa jumba la mfalme, anaondolewa kazini, na ufunguo wa nyumba ya Daudi unawekwa begani mwa Eliakimu. Atafungua, wala hakuna atakayefunga. Atafunga, wala hakuna atakayefungua. Antifona inavichukua vitendo vyote viwili, lakini ombi lake ni la kimoja tu: aje awatoe waliofungwa gerezani, wanaokaa gizani. Wahubiri nao hufuata huko huko. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Bwana anayefungua milango: ya ajira, ya visa, ya ndoa, ya tumbo la asiyezaa. Sijawahi kusikia hata moja juu ya kufunga.

Mimi niliomba afunge. Nilikuwa na uzi mmoja wa daktari ndani yangu, na ile nusu ya pili ya mstari wa Isaya. Sista alipomaliza nilimwomba arudie, naye akarudia.

Zile tatu zilizobaki sizikumbuki vizuri. Tarehe 21 tumbo lilikaza usiku kucha na nilichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kwa hiyo Mapambazuko yalipita bila mimi. Mfalme wa mataifa nakumbuka jambo moja tu, kwamba antifona inamtaja binadamu kama kitu kilichofinyangwa kwa udongo. Imanueli ilisomwa wodi ikiwa na kelele, kwa sababu ndugu walikuwa wamewaletea watu wali wa sikukuu mapema. Noeli ikaja, ikapita. Mtoto alikawia. Alizaliwa tarehe 4 Februari, wiki 34, kilo mbili na kidogo, akakaa kwenye chumba cha joto siku tisa, na sasa anasoma darasa la pili na hapendi kuamka.

Sidai kwamba antifona ndiyo iliyofanya. Kitanda cha upande wa pili alilala mama mwingine aliyezisikia zile zile jioni zile zile, na yeye hakutoka na mtoto.

Kwa mlei ambaye hana kwaya ya watawa karibu, ibada za kungojea Noeli zimekuwa nyingine. Novena ya Noeli ilianzishwa Torino, Italia, mwaka 1720, katika kanisa la mapadre wa Mtakatifu Vinsenti, na ikaenea. Kuna pia ile sala ya kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, inayosaliwa mara 15 kwa siku hadi mkesha. Shangazi yangu aliniletea nakala yake nikiwa wodini, na kwa kuwa sikuwa na kazi nilipiga hesabu: siku 25, mara 375. Zina watu wake, nami sizidharau. Lakini O saba zimo tayari katika Misa, na wengi hawajui. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ziliwekwa kuwa shangilio la kabla ya Injili katika Misa za siku za juma za mwisho za Majilio. Mpangilio haufuati sawasawa ule wa masifu, kwa hiyo fumbo la herufi linavurugika, jambo ambalo mimi silisikitikii. Kwetu Misa hizo ni za saa kumi na mbili asubuhi, zinahudhuriwa na bibi kumi na watano na wanafunzi wachache waliofunga shule, na shangilio husomwa haraka na mtu mmoja kati ya Aleluya mbili. Ukipiga chafya limekupita.

Zinajulikana zaidi kupitia wimbo. Mwaka 1710, huko Ujerumani, antifona tano kati ya saba zilichapishwa zikiwa zimegeuzwa beti za Kilatini zenye vina. Mwaka 1851 kasisi Mwanglikana John Mason Neale alizitafsiri kwa Kiingereza, na miaka michache baadaye zikaunganishwa na tuni ile ya taratibu, ya huzuni, ambayo tangu hapo imefika karibu kila mahali palipo na kwaya, na kwetu pia. Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliulizana tuni hiyo imetoka wapi. Kulikuwa na maelezo ya kitabu cha Kifaransa kilichoonekana Lisbon, na wengine walidhani imebuniwa tu. Kisha mwaka 1966 Mary Berry, mtawa na mtaalamu wa muziki wa kale, aliikuta katika maktaba ya taifa ya Paris, ndani ya kitabu kidogo cha karne ya 15 cha maandamano, kilichokuwa cha watawa wa kike wa Ufaransa. Haikuwa tuni ya Majilio. Ilikuwa ya mazishi. Masista wale waliiimba wakimsindikiza mwenzao kaburini.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule wa kwanza, ambaye hakuimbiwa kitu. Mtoto wa saa chache kwetu huzikwa haraka, na wanawake wachache, jioni, na mama mwenyewe huwa bado yuko kitandani.

Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu. Wimbo huo tunao, na tulikuwa tukiuimba kwa kasi, na ngoma, kila Jumapili ya nne ya Majilio, kwa sababu mwalimu wetu wa kwaya anaamini watu wakiimba taratibu wanasinzia. Mwaka jana nilimwonyesha habari ya kile kitabu cha Paris. Aliisoma mara mbili kwenye simu yangu, akakuna kichwa, akaniuliza kama basi tuondoe ngoma.

Nikamwambia tuondoe kwenye beti, tuiache kwenye kiitikio.

Akasema tutajaribu Jumatano, kwenye mazoezi.